Neno Moja Ndani ya Faili ya Mashine

Wenzangu wa bureau, mliniomba kurasa mbili tatu za kumbukumbu, tena mkasema ziwe za kuchekesha, mzibandike ukutani karibu na ile picha yangu ya siku ya kuaga. Mtaniwia radhi. Nimefanya kazi ya kompyuta katika mji huu wa Goma miaka yangu yote ya nguvu, na ya kuchekesha niliyoyaona hayajazi hata nusu ukurasa. Nitawaandikia jambo moja mnalolijua vibaya. Kila mgeni anayeingia pale anaambiwa kwamba Noela, yule mama aliyekuwa anakaa kwenye meza ya dirishani, aliharibu orodha ya watoto wagonjwa wa moyo kwa kubofya mahali asipopajua, mtoto mmoja akakosa operesheni, akafa. Ni uongo. Naujua vizuri uongo huo kwa sababu nimeutengeneza mimi, na nataka utolewe kwenye dossier yake, faili lake la kazi, nikiwa ningali hai.

Lakini tuanze mwanzo, maana bila mwanzo mtasema muzee amechanganyikiwa.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi hii ya afya sikupewa kompyuta. Nilipewa phonie, ile redio ya masafa marefu, na karatasi ya dawa za kusomea vituo vya afya vya upande wa Rutshuru. Kazi ilikuwa kupiga kelele. Unataja dawa, wa upande wa pili anasema hajasikia, unaitaja tena, anasikia nyingine kabisa. Jioni nilirudi nyumbani sina sauti, mke wangu akadhani nimegombana na watu barabarani.

Kompyuta zilikuja baadaye, mbili, na mtu wa kuzijua alikuwa mmoja tu: Muzee Ramazani. Babu yake alitoka Maniema na biashara zake, akaweka mizizi mtaa wa Birere, na muzee mwenyewe alizaliwa na kukulia pale, katikati ya maduka. Mkeka wake wa kuswalia aliuweka nyuma ya kabati la seva, kwa sababu, alisema, hapo ndipo mahali pekee bureau nzima ambapo chef, mkubwa wa kazi, hafiki. Chombo cha kwanza alichonikabidhi kilikuwa brashi ya kupaka rangi. Kila Jumatatu tulifungua mashine zote na kuzipangusa lile vumbi jeusi letu la volkano, linaloingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Nilikuwa na diploma. Nilijiona nimedharauliwa. Mashine ya bureau ya jirani, ya watu wasiopangusa, iliungua mwezi wa tatu, nikaacha kununa.

Miaka ikaenda, orodha zikaacha kusafiri kwa kelele na kwa karatasi. Zikaanza kupita kwenye mtandao, seva yetu ikizungumza na seva ya Kinshasa. Hapa nieleze kidogo, walio wa fani wanivumilie. Kinshasa wanatoa maelezo ya huduma yao: ukitaka kuniletea mtoto kwenye orodha, niletee jina hivi, tarehe hivi, ugonjwa hivi. Chombo chetu kinasoma maelezo hayo na kuandika chenyewe faili ndefu, maelfu ya mistari, inayojua kuongea na Kinshasa kama Kinshasa wanavyotaka. Faili hiyo tunaiita proksi. Ni kama déclarant, wakala wa forodha, wa pale barrière mpakani: unamkabidhi mzigo, yeye ndiye anayejua karatasi gani, dirisha gani, muhuri gani. Ila proksi haikuombi ya soda.

Juu kabisa ya faili hiyo mashine inaandika onyo lake: hii nimeandika mimi, ukiigusa kwa mkono, siku nikiiandika upya kazi yako itapotea. Kila mtu wa fani amelisoma onyo hilo. Kila mtu wa fani ameigusa faili hiyo hata hivyo. Mimi niliigusa mwaka wangu wa pili. Ujumbe wa makosa ulikuwa unakuja kwa Kifaransa cha mawaziri, makarani wetu hawauelewi, nikakaa siku mbili nikiutafsiri kwa Kiswahili ndani ya faili ya mashine. Nikamwita Muzee Ramazani aone. Alisoma, akatikisa kichwa kama mtu aliyependezwa, akanyoosha kidole, akabofya. Mashine ikaandika faili upya. Siku zangu mbili zikaenda.

"Umeumia?" aliniuliza.

"Nimeumia sana, muzee."

"Mungu ashukuriwe. Sasa hautasahau. Ya mashine ni ya mashine, Deo. Ya mutu uiweke pembeni."

Ndipo akanionyesha. Mashine ina faili yake, wewe unafungua yako kando, zote mbili zinaungana kuwa kitu kimoja programu inapoanza. Ikiandikwa upya ile ya mashine, yako haiguswi. Na kila faili ya pembeni aliiandika kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu: nani, lini, kwa nini. Nilifanya kazi naye miaka mingi, sikumwona hata mara moja akiandika neno ndani ya faili ya mashine. Alipokufa tulimzika siku hiyohiyo kama dini yake inavyotaka, na daftari likabaki kwangu.

Noela alikuja baada yake. Wazazi wake ni wakulima wa Masisi, yeye kasoma hapa mjini, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu, niliona wiki ya kwanza. Nilimfundisha kanuni kama nilivyofundishwa: nilimwacha aandike ndani ya faili ya mashine kutwa nzima, nikaja nikaifuta. Nilisubiri alie. Alicheka.

"Papa Deo, ungeniambia tu kwa mudomo," alisema. "Miye nasikia."

Nilikasirika kidogo. Ukweli ni kwamba alisikia, na tangu siku ile hakuvunja kanuni. Aliyeivunja ni mwalimu.

Ilikuwa hivi. Watu wetu wengi, hasa wa kambini, hawana cheti cha kuzaliwa. Mama anajua mwaka, pengine anajua na msimu, lakini siku haijui, na nani amlaumu, wakati anazaa alikuwa na mengine ya kufikiria. Karani anaandika premier janvier, tarehe mosi Januari. Ndiyo desturi yetu, mnaijua, mnaifanya hadi leo: ukiangalia madaftari yetu utadhani Kivu nzima ilizaliwa siku moja. Sasa, mashine haijui tarehe bila saa. Ukiipa premier janvier, inaweka saa sita usiku kamili, saa ya Goma. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo kule kwao mtoto huyo anafika saa tano usiku, na siku ni ya jana yake, trente et un décembre, siku ya mwisho ya Desemba, na mwaka ni wa nyuma. Mtoto amezeeka mwaka mzima akiwa angani.

Aliyegundua ni mimi, au tuseme niliambiwa. Mtu wa Kinshasa alinipigia simu akicheka, akaniuliza kama sisi watu wa mashariki tunazalia watoto wetu wote kwenye sherehe za Saint-Sylvestre, mkesha wa mwaka mpya. Nilicheka naye, kisha nikakata simu nikatoka jasho.

Dawa halali ilikuwepo. Unaandika faili ya pembeni inayoipokea tarehe, inaivua saa, ndipo inaikabidhi proksi. Lakini faili ya pembeni inaongeza tu, haibadilishi kile ambacho mashine imekwisha kutamka, kwa hiyo unahitaji kuzunguka, kujenga kitu kingine juu yake, kujaribu, kujaribu tena. Nilikadiria siku tatu. Dawa haramu ilikuwa neno moja. Ndani ya faili ya mashine, mahali palipoandikwa "tarehe na saa", uandike "tarehe". Basi. Orodha ilitakiwa kuondoka kabla ya saa sita mchana, courant, yaani umeme, ilikuwa imekatika, na groupe, ile jenereta yetu, lilikuwa na mafuta ya saa moja hivi.

Nikaandika neno moja. Ikafanya kazi. Kinshasa wakapokea premier janvier, tena mwaka wa kweli.

Nilisema Jumatatu nitaitengeneza vizuri. Ni kwa muda tu. Katika mji wetu cha kwa muda ndicho kinachodumu. Bâche, yale maturubai ya kambi ya Mugunga, nazo ziliwekwa kwa muda. Na daftarini sikuandika, kwa sababu mwandiko wa Muzee Ramazani ulikuwa pale juu ya ukurasa, na nilimwonea haya maiti. Jumatatu ikapita, na nyingine, na miaka miwili.

Ndipo kukaja programu ya moyo. Madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja Kinshasa kwa muda mfupi, na sisi tuliombwa orodha ya watoto wa huku. Masharti yalikuwa wazi: kuanzia mwaka fulani wa kuzaliwa kuja juu. Aliyezaliwa kabla ya mwaka huo, hapana.

Mama Asifiwe alikuja kwa miguu kutoka Mugunga, mtoto wake mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea. Akitembea, midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, Asifiwe. Alimuuliza Noela kwa nini kompyuta ina panya bila mkia, maana tulikuwa tumepata zile zisizo na waya. Noela aliwaandikisha yeye mwenyewe.

"Mutoto alizaliwa mwaka gani, mama?"

"Ile mwaka tuliezeka nyumba mabati kule kwetu. Mbele ya kukimbia."

"Mulikimbia lini?"

Wakahesabu wote wawili, polepole, kwa mavuno na kwa vita na kwa ndugu waliooa, wakarudi nyuma, wakahesabu tena. Mwaka uliotoka ulikuwa ule ule masharti yanapoanzia. Ule ule kabisa. Noela alipiga makofi. Akaandika premier janvier, na mimi niliyekuwa nimekaa meza ya pili nilifurahi pamoja nao.

Wiki ileile Kinshasa wakaleta agizo. Wameongeza sehemu ya simu ya mzazi kwenye huduma yao, kwa hiyo kila bureau iandike proksi upya kabla ya kutuma orodha. Kazi ya dakika mbili, na ilikuwa zamu ya Noela. Akafanya kile ambacho ningetaka mwanafunzi wangu afanye. Aliondoa mkono kwenye kompyuta, akanigeukia.

"Papa Deo, mbele nibofye. Kuna kitu ulibadilisha humu ndani?"

Bureau ilikuwa na watu. Madereva wawili walikuwa wanasubiri karatasi zao za safari, na karani wa stoo alikuwa pale. Wote wamenisikia miaka na miaka nikihubiri: ya mashine ni ya mashine. Nikasikia ulimi wangu ukisema:

"Mimi? Niguse faili ya mashine? Hapana. Endelea."

Akaandika kwenye daftari kwamba ameniuliza? Hapana. Aliniamini. Akabofya.

Msinifanye shetani. Nilikusudia, akienda kula, niketi pale nirudishe neno langu. Lakini kabla hajaenda kula chef akaniita: kompyuta ya kituo cha afya cha Kalengera haiwaki, gari linaondoka sasa hivi, mission, safari ya kazi, ya siku mbili. Nikachukua koleo na brashi nikapanda. Kompyuta ya Kalengera haikuwa na kitu, waya tu ulikuwa umeng'atwa na panya. Panya mwenye mkia. Kesho yake barabara ikafungwa, tukasikia milio ya risasi upande wa chini, tukakaa kule siku kumi na moja tukila maharage ya padri.

Réseau ya simu ilikuwa inapatikana kilimani nyuma ya kanisa, kwa kubahatisha. Niliipata mara mbili. Mara zote mbili nilimpigia mke wangu. Mara ya kwanza kumwambia niko mzima, hiyo naikubali. Mara ya pili tulizungumza habari za citerne ya maji inayovuja. Kumwambia Noela "weka neno fulani mstari fulani" kulihitaji sekunde kumi. Nililikumbuka jambo hilo nikiwa nashuka kilima, nikajiambia atakuwa hajatuma bado. Alikuwa ametuma asubuhi ile.

Na msiulize kwa nini hakuona kosa. Hakuna ambaye angeliona. Tarehe ikirudi kutoka Kinshasa kuja Goma, mashine inairudishia ile saa moja, kwa hiyo kwenye skrini yetu kila mtoto alikuwa na premier janvier yake na mwaka wake sawasawa. Watoto wengi walizeeka mwaka mzima na haikuwadhuru, kwa sababu walikuwa mbali na mpaka wa umri. Mmoja tu alikuwa juu ya mstari.

Jibu lilikuja: Asifiwe, amezidi umri. Mama yake alikuja bureau. Mimi nilikuwa bado Kalengera, nilisimuliwa na karani wa stoo. Alisema mtoto hajazidi, walihesabu pamoja na dada huyu hapa. Chef akamwambia, bila ukali, kwa upole kabisa: "Mama, pengine ulitaja mwaka mubaya. Inatokea. Mashine haikosei." Mama Asifiwe akaapa. Akahesabu tena mbele yao, mabati, mavuno, vita. Kisha katikati ya kuhesabu akaacha, akasema: "Pengine." Akamfunga mtoto mgongoni akaenda.

Noela hakukubali. Alipiga simu Kinshasa siku mbili mpaka akampata mtu wa kumsomea kilichoandikwa kule, akasikia trente et un décembre, akaelewa. Wakarekebisha. Lakini vitanda vilikuwa vimejaa na madaktari walikuwa kwenye siku zao za mwisho. Wakasema orodha ijayo. Asifiwe alikufa kabla ya orodha ijayo, asubuhi, pale Mugunga, akienda na wenzake kuchota maji. Alikuwa ameambiwa asiende. Nimeshawaambia alikuwa mtoto wa namna gani.

Nilirudi kutoka Kalengera siku ya kikao kilichoitishwa juu ya kosa hilo. Hata viatu sikubadilisha. Chef alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye seva: siku fulani, saa fulani, proksi imeandikwa upya, jina la aliyefanya, Noela. Noela alisimama. Akasema alifuata agizo, na kwamba kabla ya kubofya aliuliza. Chef akanigeukia.

"Papa Deo, weye ndiye mukubwa wa mambo haya. Tuambie. Kulikuwa na kitu kilibadilishwa ndani ya ile faili?"

Na mimi, wenzangu, sikusema hapana. Ningesema hapana ingekuwa uongo wa kawaida, wa mtu anayeogopa. Nilisema hivi: "Faili ya mashine haiguswi kwa mkono. Hiyo ni kanuni ya hapa tangu enzi za Muzee Ramazani, na kila mtu anaijua." Ni kweli tupu, kila neno. Wote wakaitika. Aliyekuwa ameuliza akaonekana ndiye asiyeijua kazi. Noela aliniangalia, akaketi. Alifukuzwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Yaliyonipata mimi baada ya hapo, cheo na mengine, sitayaandika. Nitaandika tu kwamba niliifanya ile faili ya pembeni. Siku tatu. Nilikuwa nimekadiria sawa. Ndiyo inayovua saa kwenye tarehe zenu hadi leo, na mnaisifu, na katika hotuba ya kuniaga chef mpya aliitaja. Nilikaa pale na shada shingoni, nikasikia aibu mpaka kwenye kucha, nikasema aksanti.

Mwezi uliofuata, nikiwa sina tena bureau ya kujifichia, nilishuka Birere kumtafuta Noela. Ana kibanda cha kuchapa na kufotokopi, karibu na mahali motari, wale vijana wa pikipiki, wanapoegesha. Alikuwa anamchapia mtu barua ya kuomba kazi. Hakushtuka kuniona. Aliniashiria kiti cha plastiki, akamaliza barua, akampa mtu wake, akaniambia: "Karibu, Papa Deo. Umezeeka."

Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza huku akipanga karatasi.

"Ninajua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ile neno. Nilikuwa na kopi ya faili ya zamani. Siku ile nilipata jibu ya Kinshasa, nililinganisha zote mbili. Ilikuwa neno moja tu. Na nani mwingine angeijua pa kuiweka?"

"Na kwenye kikao hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini juu ya weye? Na tena..." Aliacha kupanga karatasi. "Nilikuwa ninakungojea. Nilisema ndani ya roho: atasema. Huyu muzee atasema sasa. Nilikungojea pale, nikakungojea nyumbani wiki nzima. Simu ikilia, nasema ni yeye."

Nikasema naomba msamaha. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengine marefu, nikayasahau yote. Nikalia, mzee mzima, kwenye kiti cha plastiki, motari wakiangalia.

"Mimi nilipoteza kazi, nikapata ingine," alisema Noela. "Andikia wale wa bureau, waondoe uchafu kwenye jina yangu, hiyo ninaitaka. Lakini musamaha usinianzie mimi. Umekwisha kuenda kwa Mama Asifiwe?"

"Nitamwambia nini? Mtoto harudi."

"Enda tu. Yeye ndiye atakuambia iko namna gani."

Kambi yao ilishabomolewa, watu wametawanyika, lakini Noela alijua alipo. Kumbe miaka yote alikuwa anamtembelea. Anaishi kwa dada yake, mtaa wa Katoyi, wanauza makala, yale makaa ya kupikia, kwa ndoo. Nilimkuta uani akichambua makala makubwa na madogo, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nilijitambulisha. Hakunikumbuka. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikamweleza bila neno hata moja la kompyuta: kwamba yeye alisema mwaka, dada Noela akaandika mwaka huo huo, na kazi yangu ilikuwa kuufikisha Kinshasa kama ulivyo, na kwa uzembe wangu na kiburi changu ulifika umebadilika. Nikasema niliulizwa mara mbili nikaficha mara mbili.

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimekuja kuyachukua, ningeyachukua na mawe.

Aliweka makala chini.

"Ngoja," alisema. "Mwaka ilikuwa gani?"

"Ule ule uliosema, mama."

"Ile ya mabati?"

"Ile ya mabati."

"Basi mimi nilikumbuka muzuri."

"Ulikumbuka vizuri."

Akaanza kuzungumza haraka, bila kuniangalia. Kwamba tangu siku ile bureau aliamini ni ulimi wake. Kwamba kila usiku alihesabu upya, mabati, mavuno, vita, na kila alipohesabu hesabu ilikataa kutulia. Kwamba bwana yake alimwambia mbele ya watu, msiba haujaisha: mama gani hajui mwaka wa mtoto wake mwenyewe? Bwana huyo akaondoka, yuko Sake na mke mwingine.

Akasimama akaita dada yake. Dada akaja na jirani mmoja. "Papa, rudia," aliniambia. "Wasikie." Nikarudia. Jirani mwingine akachungulia juu ya ukuta wa mawe, Mama Asifiwe akaniomba nirudie na kwa huyo, nikarudia. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wanamwangalia yeye.

Kisha akafuta mkono kwenye kitenge, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akatafuta jina, akabonyeza, akanipa. Ikaita muda mrefu. Mwanaume akapokea upande wa pili akauliza ni nani. Mama Asifiwe alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, sikio lake kwenye simu.

"Papa Asifiwe," nilisema, "mwaka ambao mke wako aliutaja ulikuwa wa kweli. Aliyeubadilisha ni mimi."